Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu nguo, mitumba na hizo sheria mpya za Ulaya (fundi wa Dodoma najibu)

Mbukwenyi. Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko maeneo ya Sabasaba hapa Dodoma, nashona na narekebisha, na mtumba ndo unanilisha maana nusu ya kazi zangu ni kupunguza, kuongeza, kubadili zipu na kuikata suruali ya Mzungu mrefu imkae kijana wa Nkuhungu. Toka watu wa wizarani wahamie huku maswali yamebadilika. Zamani nilikuwa naulizwa "fundi itakuwa tayari lini" (bado naulizwa), siku hizi mtu anakaa kwenye benchi ananiuliza habari za nguo endelevu, sijui Ulaya wamepitisha nini, sijui mitumba inaisha lini. Nimechoka kurudia rudia kwahiyo nayaandika hapa, ukija na swali ntakutumia hii kwanza afu tuendelee kupima kiuno.

Fundi, hiyo "nguo endelevu" ndo nguo gani?

Endelevu yaani isiyoumiza sana mazingira wala watu. Hamna nguo inayotoka kiwandani ikiwa endelevu peke yake, ni mambo matatu tu: imetengenezwa na nini, imetengenezwa na nani na kwa hali gani, na itavaliwa muda gani. Watu wanashikilia la kwanza kwa sababu ndo linaandikwa kwenye lebo, mi nashikilia la tatu kwa sababu ndo ninaloliona mezani. Shati la pamba iliyolimwa bila dawa, ukilivaa mara nne ukaligeuza dekio, limepitwa na koti la polista la mtumba ambalo baba yako kalivaa miaka kumi na bado lina vifungo vyote.

Ni kweli tisheti moja inakula lita 2,700 za maji?

Hiyo namba inatajwa sana na mashirika ya mazingira, na ni ya kulima pamba pamoja na kuitengeneza mpaka iwe tisheti. Ila usiichukue kama vile kila pamba ni moja. Pamba ya kumwagilia ndo iliyokausha Bahari ya Aral kule Uzbekistan na Kazakhstan, mito iligeuzwa toka miaka ya 1960 kwenda mashambani, ziwa kubwa likabaki madimbwi na meli zikakaa juu ya mchanga. Pamba yetu ya Shinyanga, Simiyu na Singida inategemea mvua. Mkulima wa Meatu hajafungulia mtu bomba, anaangalia mawingu kama sie tunavyoangalia mawingu huku kwenye mtama. Kwahiyo mtu akikutisha na hizo lita muulize kwanza pamba ya wapi.

Nitajuaje hiki kitambaa ni pamba kweli au polista?

Hili nalipenda kwa sababu limenitoa machozi. Mwaka fulani dada mmoja alileta gauni la onlaini, lebo imeandika pamba asilimia mia, mi nikaamini lebo nikapiga pasi ya moto kama ya pamba, gauni likanata kwenye pasi likabaki na alama ya pembe tatu kifuani. Nikalilipa. Toka siku ile lebo naisoma kama ahadi ya fundi kwamba kesho itakuwa tayari.

Fanya hivi, chomoa uzi kwenye upindo wa ndani, ushike na kitu cha chuma, uwashe kiberiti mbali na mtungi wa gesi tafadhali. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Polista inajikunja, inayeyuka, inanuka plastiki na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi, kwa sababu ndo plastiki yenyewe, inatokana na mafuta ya petroli kama chupa ya maji. Sufu ya kondoo inanuka nywele zilizoungua. Ukipata vyote kwa pamoja, jivu kidogo na kidonge kidogo, ujue ni mchanganyiko, na sa hivi nguo nyingi ni mchanganyiko. Polista peke yake ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani, kwahiyo usishangae ukiona nguo nzima ya harusi inayeyuka.

Na joto letu la mwezi wa kumi na moja unalijua, polista haivuti jasho, unatembea kutoka stendi mpaka Barabara ya Saba umelowa mgongo mzima. Halafu mtu ananiambia kitambaa kizuri sana fundi hakikunji. Hakikunji kwa sababu ni ndoo ya plastiki mama, ndoo inakunjika?

Na kitenge orijino?

Geuza upande wa nyuma. Waksi ya kweli rangi zimeingia pande zote mbili kwa sababu nta inapakwa pande zote kabla ya kutiwa rangi. Cha bei poa kimechapwa upande mmoja, nyuma kimepauka. Jina lililochapwa pembeni mwa kitambaa lisikudanganye, jina nalo linachapwa.

Ulaya wamepitisha nini hasa, maana kila mtu anasema lake?

Ziko nyingi, mi ntakupa zile zinazotugusa.

Moja, kuna kanuni ya namna ya kusanifu bidhaa iliyoanza Julai 2024. Ndani yake kuna kipengele kinachokataza kampuni kubwa kuharibu nguo na viatu ambavyo havijauzwa, kinaanza tarehe 19 Julai 2026, kampuni za kati wao 2030. Unaweza kusema nani atachoma nguo mpya, lakini mwaka 2018 iligundulika kwenye hesabu za Burberry ya Uingereza kwamba mwaka mmoja tu waliteketeza bidhaa za pauni zaidi ya milioni 28 ili zisije zikauzwa rahisi zikashusha jina. Wakapigiwa kelele wakaacha. Hawakuwa peke yao, ni kwamba wao ndo walionekana.

Kanuni hiyohiyo imeleta habari ya pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, yaani nguo itakuwa na alama ya msimbo, unaiskani na simu inakwambia imetengenezwa na nini, wapi, na irekebishwe vipi. Nguo ziko kwenye kundi la kwanza la kufanyiwa kazi. Mi hapa nawaza mbali, siku moja belo linafunguliwa Dodoma, fundi anaskani kola anajua huyu mgeni ana polista asilimia ngapi kabla hajaweka pasi. Ningeokoa lile gauni.

Mbili, toka Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu kivyake, zisichanganywe na takataka nyingine. Na 2025 hiyohiyo wakapitisha kwamba anayeuza nguo ndo alipie gharama za kuzikusanya na kuzichambua zikishachakaa, kila nchi ikapewa miezi 30 kuweka huo mfumo. Ufaransa walishakuwa nao toka 2007, ndo maana nao wana kitu kinanifurahisha sana, ntakisema huko chini kwenye bei.

Tatu, kanuni ya kusafirisha taka. Kuanzia Mei 2027 taka za kutoka Umoja wa Ulaya, hata zisizo na sumu, haziendi kwenye nchi kama zetu mpaka nchi yenyewe iwe imeomba na kuonyesha inaweza kuzishughulikia.

Sasa hayo yote yananihusu nini mimi ninayeinama Sabasaba kuchagua?

Yanakuhusu kuliko yanavyomhusu Mzungu. Fikiria safari ya shati. Limevaliwa Ujerumani, limetupwa kwenye boksi la mtaani, limechambuliwa, limebanwa kwenye belo, limepanda meli mpaka Dar, limenunuliwa Ilala, limekuja na lori mpaka huku, limefunguliwa asubuhi watu wamezunguka wanasubiri kama wanasubiri matokeo ya kidato cha nne. Anayenunua belo haoni ndani. Analipa kwanza afu anakata kamba, ndo biashara pekee ninayoijua ambayo mteja mkubwa hana ruhusa ya kuangalia mzigo. Likitoka zuri amepata ada ya watoto, likitoka bovu, yaani mashati yamechanika kwapa, sweta zimetobolewa na wadudu, amekula hasara peke yake na hayo mabovu yanaenda dampo la Chidaya kwa gharama ya jiji letu. Aliyeyatoa huko Ulaya anahesabiwa ameyatoa msaada.

Kwahiyo hapa ndo utamu wa ile sheria ya taka ulipo. Ukisema nguo zilizokusanywa kwenye boksi ni taka mpaka zichambuliwe, maana yake mtu hawezi kubana mzigo mchafu akauita mtumba. Lazima achambue kule kwao, kinachovalika ndo kisafiri. Huu ndo ugomvi mkubwa wa watu wa Kantamanto pale Accra, soko ambalo linapokea nguo kwa mamilioni kila wiki, na mafundi wa pale wanafanya kazi kama yangu, wanafua, wanapaka rangi upya, wanashona upya, afu bado fukwe zao zimejaa nguo. Lile soko liliungua mwanzoni mwa Januari 2025 na watu walianza upya.

Upande wa pili na mi sifichi, belo likichambuliwa vizuri litapanda bei. Wale wa jero jero pale chini kwenye turubai watapungua. Na mchanganyiko wa belo unabadilika hata bila sheria, nguo za fasheni ya fasta zimejaa, nyepesi, mshono wa kuvutika, naambiwa na wauzaji na naona mwenyewe kwenye meza yangu, jinzi ya zamani nashona inavunja sindano, jinzi ya sa hivi ina lastiki nyingi ukiipiga pasi inalegea kama mlenda.

Kwa nini serikali isipige marufuku mitumba tuvae vyetu?

Tulishajaribu njia hiyo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke polepole mpaka 2019. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Marekani ikaanza kuangalia upya kama nchi zetu zinastahili kuendelea na AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, sie na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikakaza, ushuru ulishapanda kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola mbili na nusu, na Julai 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye huo msamaha. Ndo ujue belo la mtumba lina ubalozi wake.

Maoni yangu, na hapa najua nina masilahi, marufuku bila kiwanda ni kumvua mtu nguo njiani. Afu nafasi ya mtumba haichukuliwi na kitenge cha Urafiki, inachukuliwa na mpya ya bei chee kutoka nje, polista tupu. Bora mtumba wenye sheria.

(Na hapana, mji wa serikali pale Mtumba haukupewa jina kwa sababu ya nguo. Nimeulizwa hili na mtu mzima.)

Chupi na sidiria za mtumba je?

TBS, shirika la viwango, wameshakataza nguo za ndani za mtumba zisiingie nchini, ni suala la afya. Ziko sokoni, kila mtu anaziona. Mi sizirekebishi, usiniletee.

Pamba tunalima wenyewe, mbona nguo tunaagiza?

Kwa sababu sehemu kubwa ya pamba yetu inachambuliwa mbegu tu, inafungwa marobota inasafirishwa nje kama nyuzi, ikirudi imeshakuwa shati. Tulikuwa na viwanda, Urafiki Dar, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, wazee wetu walivaa vya hapa. Vingi vilidorora miaka ya themanini na tisini, mashine chakavu, umeme, na soko lilipofunguliwa mtumba ukamwagika. Vipo vilivyobaki na vinavyofanya kazi, Arusha na Morogoro na Dar, sio kwamba hamna kabisa.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Meatu kule Simiyu wakulima wamelima pamba ya organiki, ile ya bila dawa, toka miaka ya tisini kwa mkataba na wanunuzi wa Uswisi. Yaani ile tisheti ya bei mbaya unayoiona kwenye picha imeandikwa organiki inaweza ikawa imetoka kwa shemeji yako. Mi ningetamani jora moja tu la kitambaa hicho lishuke Dodoma, sijawahi kuliona.

Lebo za "organiki", "risaiko", "rafiki wa mazingira" niziamini?

Rafiki wa mazingira bila jina la aliyekagua ni maneno ya mkosaji. GOTS, cheti cha nguo za organiki, ina masharti, nyuzi za organiki zisipungue asilimia 70, na ikiandikwa organiki kamili 95, na wanaangalia mpaka rangi na hali ya wafanyakazi. OEKO-TEX Standard 100 haisemi chochote kuhusu mazingira ya shamba, inasema kitambaa kimepimwa kemikali zinazodhuru mvaaji. Watu wanavichanganya hivyo viwili.

Polista ya risaiko karibu yote imetoka kwenye chupa za maji, sio kwenye nguo kuukuu. Chupa ingeweza kurudi kuwa chupa tena na tena, ukishaigeuza kuwa fulana safari imeishia hapo. Sio mbaya sana ila isikufanye ujisikie umeokoa Ziwa Victoria, maana ukiifua bado inatoa vinyuzi vya plastiki vinavyokwenda na maji.

Kujipaka ukijani, yaani kudai unatunza mazingira wakati sio kweli, kumeanza kuwa na faini, na hata bei za kudanganya zimo. Julai 2025 Ufaransa iliipiga Shein, duka la nguo la mtandaoni, faini ya euro milioni 40 kwa mapunguzo ya bei yasiyo ya kweli, na madai ya mazingira ambayo walishindwa kuyathibitisha yalikuwa humohumo.

Teknolojia mpya je, ngozi ya uyoga na nini?

Napenda kusoma ila nasubiri. Renewcell ya Sweden waligundua kuyeyusha nguo za pamba kuukuu kuzifanya malighafi ya nyuzi mpya, kiwanda kizima kikajengwa, kila mtu akashangilia, Februari 2024 kikafilisika kwa kukosa wanunuzi wa kutosha. Akaja mwingine akakinunua. Ngozi ya uyoga iliyoitwa Mylo ilisimamishwa 2023. Kwahiyo kugundua sio tatizo, tatizo ni kampuni kubwa kupiga picha na kitu halafu hazitoi oda.

Iliyonigusa mimi ni ya jinzi. Ile sura ya kupauka magotini zamani walikuwa wanaipata kwa kupuliza mchanga kwa presha, vijana wakivuta vumbi wanakufa na mapafu, Uturuki wakapiga marufuku 2009. Sa hivi leza inafanya kwa dakika chache, hamna vumbi. Hiyo ndo inovesheni. Na khanga pia, sitanii, vazi ambalo halikatwi hata kipande, doti moja unapindisha tu, hamna mabaki. Wabunifu wa nje wanafundishana hiyo kitu darasani kama vile imegunduliwa juzi.

Fundi nibandikie nembo ya kampuni kubwa kwenye tisheti nikauze.

Hapana. Ni bidhaa bandia, Tume ya Ushindani wanakamata, na mzigo unateketezwa. Tengeneza jina lako, BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wanasajili, na lebo ndogo ya kushona haina gharama.

Mbona kushona kwako ni ghali kuliko kununua mpya?

Swali lenyewe liko kichwa chini, uliza kwa nini mpya ni rahisi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, lilianguka na mafundi ndani, wakafa zaidi ya 1,100. Siku moja kabla kuta zilikuwa zimeonyesha nyufa, benki na maduka ya chini wakafunga, washonaji wakaambiwa wapande kazini. Baada ya hapo yakasainiwa makubaliano ya usalama wa majengo ambayo kampuni za nje zilibanwa kisheria, na viwanda vingi vikakaguliwa vikarekebishwa. Lakini ilibidi wafe kwanza. Gauni la elfu kumi limeshonwa na mtu, mwenye mgongo kama wangu.

Sasa ile ya Ufaransa niliyosema, toka 2023 mteja akipeleka nguo kwa fundi aliyesajiliwa anapunguziwa euro 6 mpaka 25 kwenye bili, mfuko unaolipiwa na wauza nguo ndo unafidia. Yaani punguzo tu la chini kabisa ni zaidi ya elfu kumi na tano za kwetu. Mi nikisema zipu elfu tatu mnasema fundi tuongee.

Vipande vinavyobaki unapeleka wapi?

Vya pamba naweka kwenye kiroba, kuna mama anachukua kwa pedi za kufua na mwingine vibanio vya nywele na mito. Vya polista ndo mtihani. Najua mama ntilie wanavitumia kuwashia mkaa kwa sababu vinashika moto haraka, naomba sana msivitumie, ule moshi mweusi ni plastiki na unaingia kwenye wali. Navijazia mito ya benchi, ndo hiyo mnayoikalia mkisubiri.

Na kupunguza vipande kunaanzia kwenye kukata, ukinipa kitenge cha yadi sita unataka mshono wa maringi ringi mkono mmoja unakula yadi mbili, vipande utaviona.

Nifueje na haya mavumbi na mgao wa maji?

Kung'uta kwanza kabla hujalowesha, vumbi la Dodoma likilowa linakuwa tope. Jinzi usifue kila siku, ianike juani uigeuze ndani nje. Koti la suti piga brashi. Maji ya mwisho ya kusuuzia tumia kwenye za rangi nyeusi.

Suti ya Bunge la Bajeti nilete lini?

Bunge linaanza Aprili, we leta Februari. Machi nina foleni mpaka nje, waheshimiwa wote wamenenepa kwa pamoja na kila mtu anataka kiuno kiongezwe. Kama suti ina akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma naongeza mpaka inchi mbili, kama ni ile ya kisasa iliyokatwa bila akiba siwezi, na usiniletee usiku wa kuamkia kikao.